Barua Mbili kwa Mwalimu Mkuu

Rasimu ya barua ya kwanza ninayo hadi leo. Ni nusu ukurasa wa fulskepu, kwa mwandiko wangu, nayo imekunjwa mara nne ingawa mimi sikuikunja. Barua ya pili ninayo pia, kwa sababu ilirudishwa. Kwa miaka mingi nimejaribu kuzisoma zote mbili kama nilivyofundishwa kusoma nyaraka: nani kaandika, kamwandikia nani, alijua nini, alificha nini. Njia hiyo imenifaa sana katika kazi yangu. Katika jambo hili haikunifaa, kwa kuwa kila nikifika kwenye swali la nani alificha nini, jibu ni mimi.

Nilikuwa mwalimu mjini Tabora, miaka michache kabla Waingereza hawajaondoka. Tulikaa Gongoni, mimi, mke wangu na watoto wawili: binti aliyekuwa darasa la nne, na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Umri wa binti ulikuwa kumi au kumi na moja, kutegemea kama unaamini cheti cha ubatizo au kumbukumbu ya bibi yake. Alipoanza shule hakuna aliyeuliza cheti. Aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, akalishika, akaandikishwa.

Nilipata ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea shahada ya juu ya elimu kwa miaka mitatu. Familia iliruhusiwa kufuatana nami, safari moja ya kwenda na moja ya kurudi. Barua ya ufadhili ilikuwa na kurasa mbili, na habari za watoto zilikuwa sentensi moja tu, kwamba shule yao ni juu ya mzazi. Sentensi hiyo ilinikosesha raha kuliko masomo yenyewe.

Nilichora jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa Uingereza. Ya pili ilikuwa shule ya bweni ya masista, mwendo mfupi kutoka mjini. Ya tatu ilikuwa Ipuli, kwa mama yangu, ambako kulikuwa na shule ya misheni ya Wamoravian, kanisa letu. Kwa upande niliorodhesha mambo ya kupima: lugha, dini, chakula, baridi, maradhi, upweke, na mengine ambayo sasa nayaonea haya. Nililichora upya mara nne, kila mara nikibadilisha mpangilio, kana kwamba jibu lilikuwa limejificha katika mistari.

Mke wangu alikuja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu akisoma.

“Mwalimu,” akasema, “naona hapa umeandika baridi mara mbili.”

“Ya kwanza ni ya nje. Ya pili ni ya ndani ya nyumba.”

“Na mtoto mwenyewe yuko safu gani?”

Nikamjibu kwamba mtoto ndiye jedwali lote. Nililiona kuwa jibu zuri. Aliiweka chai juu ya safu ya masista, akaondoka.

Chuo cha huko Uingereza kilinipa anwani ya shule iliyokuwa karibu na nyumba tutakayokaa. Niliandika, na mwalimu mkuu wake akajibu kwa upole. Mdogo angepokelewa darasa la watoto wa umri wake bila shida yoyote. Binti, kwa umri niliokuwa nimeutaja, alistahili darasa la juu, lakini kwanza mwalimu mkuu angependa barua kutoka kwa binti, kwa mkono wake mwenyewe: yeye ni nani, anatoka mahali gani, na ana jambo gani la kuwasimulia wenzake.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo mwalimu mkuu yule asingeweza kulijua, na ambalo mimi nililijua mno hata sikuliona.

Tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa mwandishi wa barua wa mtaa wetu. Wenye ndugu kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga walinijia. Alinijia bibi mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na dada Ujiji, na alinijia mama aliyemtafuta mwanawe migodini. Mtu aliketi, akataja jambo lake kwa maneno manne: mwambie mvua imegoma, mwambie mtoto kafa, mwambie arudi. Kisha akasema, “Wewe andika, unajua kinachotakiwa.” Nami nikaanza na salamu nyingi kama nyota, nikaulizia hali ya kila jamaa, nikaeleza huzuni kwa urefu, nikatia machozi hata pale ambapo msemaji alikuwa na macho makavu mbele yangu. Mwisho nilimsogezea kidau cha wino, akachovya dole gumba, akalikandamiza chini ya karatasi. Barua ikawa yake. Hakuna aliyewahi kuniambia nimesema uongo. Walisema nina mkono mwema.

Kwa hiyo barua ya mwalimu mkuu ilipofika, nilifanya nilichokuwa nimekifanya tangu utotoni. Nilimwita binti mezani, nikamwuliza angependa kusema nini. Alifikiri. Akasema angependa kusema kwamba shuleni kwao kuna kisima, na kwamba yeye ndiye anayegonga kengele siku za Jumatano.

“Basi,” nikasema, “niachie.”

Kisima hakikuingia, wala kengele. Niliandika kwa Kiingereza ambacho nilikuwa nimekitafuta kwa miaka kumi na mitano. Niliandika kwamba mimi ni msichana wa Kinyamwezi kutoka mji ambako njia zote za misafara zilikutana, na kwamba babu wa baba yangu alitembea miezi mitatu hadi pwani akiwa na pembe ya ndovu begani, akaiona bahari, akarudi akiwa mtu mzima. Niliandika kwamba nami sasa naifuata njia yake na kuipita. Ilikuwa aya nzuri. Naweza kusema hivyo kwa kuwa nimesahihisha insha nyingi.

Binti akainakili. Shuleni kwao Kiingereza kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza, nacho kilifundishwa kwa kunakili kutoka ubaoni, na hakuna aliyemshinda kwa mwandiko. Aliweza kunakili ukurasa bila kosa hata moja na bila kuelewa neno lolote, kama mtu anavyosuka ukili. Karatasi ya kwanza ilipata doa la wino, ya pili akaruka mstari. Alipokuwa kwenye ya tatu aliweka kalamu chini.

“Baba, hapa panasema nini?”

“Nakili tu, mwanangu. Utaelewa ukifika.”

Akanakili. Nikaikausha, nikaitia bahasha, na rasimu nikaihifadhi katika faili langu, maana sitoi karatasi nyumbani bila kubaki na kumbukumbu.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mwalimu mkuu alikuwa amefurahi sana. Nafasi ipo, darasa la juu. Zaidi ya hayo, alisema, siku ya kwanza ya muhula angependa binti asimame mbele ya shule nzima awasimulie wenzake ile safari ya babu wa baba yake.

Nilimsomea binti barua hiyo barazani, nikiifasiri kwa Kiswahili. Niliirudia sehemu ya mwisho. “Utasimama mbele ya shule nzima,” nikasema. “Unasikia? Shule nzima.”

Alisema, “Ndiyo, baba.” Nikaichukulia kuwa furaha iliyokosa maneno.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa karani wa simu za maandishi stesheni, Mzaramo wa Pwani, aliyehamishiwa Tabora kabla watoto wetu hawajazaliwa na hakuondoka tena. Kwa kuwa yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, sisi ni watani. Utani wetu ulianzia huko huko kwenye njia ya misafara, na kwa mtani hakuna neno lililofungwa. Jioni hiyo alipita akitoka kazini, akasimama barazani bila kukaribishwa.

“Mpagazi,” akasema, “nasikia safari hii mzigo unakwenda kwa meli.”

“Watu wa pwani mtaacha lini wivu?”

“Wivu wa nini? Babu zako walikuja kwetu wamebeba, wakifika wanauliza hii bahari inachotewa wapi. Wewe umesoma, angalau mtoto umwambie ya chumvi hainywewi.”

Mke wangu alicheka hadi akaweka ungo chini. Nilimsomea mtani barua ya mwalimu mkuu, na kwa kujisifu nikamweleza ile aya ya pembe ya ndovu. Alisikiliza, kisha akamgeukia binti aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti.

“Na wewe, mjukuu wa wapagazi. Hao babu zako walikuwa wanabeba vitu vilivyofungwa na watu wengine. Huu wako umeufungua ukaona kuna nini?”

Binti hakucheka. Niliona kwamba hakucheka, na nikakumbuka baadaye kwamba niliona.

Wiki zilizofuata zilijaa maandalizi. Tulipelekwa hospitali ya Kitete kupimwa na kuchanjwa. Nilinunua sweta. Katika siku hizo mambo matatu yalitokea, na kila moja nililieleza vibaya. Binti aliacha kula vizuri. Nikasema ni chanjo. Alimwuliza mama yake kama kule Ulaya mtoto asiyejua jibu anasimamishwa juu ya benchi au anasimamishwa chini. Nikasema ni udadisi. Na siku moja nilipofungua faili langu, rasimu ya barua haikuwamo. Nilimlaumu mdogo wake, nikapekua hadi chini ya godoro. Siku ya pili yake ilikuwa imerudi mahali pake, ila sasa ilikuwa na mikunjo minne. Niliitazama mikunjo ile kwa muda mrefu. Nilikuwa mtu wa kutazama mikunjo kwa muda mrefu. Sikumwuliza mtu yeyote.

Kisha ikaja bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua ya mwalimu mkuu, na ndani ya barua yake nyingine iliyokunjwa. Aliandika kwamba amepokea kutoka Tabora barua ya pili, kwa mwandiko tofauti, na ameona ni haki kunirudishia. Kilichomtatiza, alisema, ni kwamba msichana mwenye mwandiko mzuri kiasi kile ameweka alama ya kidole badala ya jina. Aliomba nimweleze, bila haraka na bila woga, ni mtoto gani hasa anayekuja.

Niliifungua ile nyingine. Ilikuwa kwenye karatasi ya stesheni, kwa Kiingereza kifupi cha mtu aliyezoea kuhesabu maneno ya simu. Naifasiri hapa yote, maana si ndefu.

“Bwana Mwalimu Mkuu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa barua ya kwanza. Ile aliiandika baba. Mimi nilinakili. Kiingereza sijui. Babu wa baba hakufika pwani. Shuleni kwetu kuna kisima na mimi nagonga kengele Jumatano. Naomba nisisimamishwe mbele ya watu. Ni mimi.”

Chini yake palikuwa na dole gumba dogo la wino mweusi.

Nilikaa. Mke wangu aliniuliza nani amekufa, nikampa barua. Yeye Kiingereza alikijua kidogo, lakini hicho kidogo kilimtosha. Alipofika kwenye kusimamishwa akafunika mdomo.

Ni hapo nilipoelewa. Katika shule ya binti yetu, kama katika zote tulizozijua, kusimama mbele ya wenzako kulikuwa na maana moja tu. Asiyejua jibu alipandishwa juu ya benchi, akabaki huko hadi kengele igongwe, wengine wakimwangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nawapandisha wanafunzi wangu. Nilimsomea mtoto wangu adhabu yake kwa sauti ya furaha, tena mara mbili.

Hata hivyo sikwenda kwake kwanza. Naandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika kwa usahihi. Nilikwenda stesheni, nimekasirika, nikamkuta mtani mezani pake.

“Umeniharibia,” nikamwambia.

Alimaliza simu aliyokuwa anaipokea, akaandika neno la mwisho, akavua miwani. “Kaa, mpagazi.”

“Sikai. Ulikuwa na haki gani?”

“Basi simama, lakini usipige kelele, hapa ni ofisi ya Malkia.” Akasukuma kando karatasi za simu. “Alikuja na karatasi yako. Akasema, babu, nisomee nilichoandika. Nikamsomea. Nikafika kwenye pembe ya ndovu, akasema si kweli. Nikafika kwenye bahari, akasema si kweli. Nikamwambia basi, hiyo ni barua ya baba yako, si yako. Akatoka. Kesho yake akarudi, akaamkia, akaketi pale kwenye kiti cha wateja. Akasema, andika.”

“Ukaandika tu.”

“Wewe mtaa mzima umewaandikia. Kuna siku ulimwuliza mtu, je, baba yako anajua?”

Nikakaa.

“Mimi nilimwuliza lakini,” akasema. “Akaniambia, baba ameshaandika yake. Nikamwambia tia sahihi, unajua kuandika. Akakataa. Akasema nimpe wino.” Alivaa tena miwani. “Sikuongeza salamu hata moja, mtani. Nilitaka. Mkono uliniwasha. Shikamoo ile ni yake.”

Shule zilikuwa zimefungwa na binti alikuwa kwa bibi yake. Nikachukua baiskeli nikaenda Ipuli. Niliwakuta uani wanakata viazi vitamu vya kuanika michembe, kisu kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Nilimwamkia mama kwa Kinyamwezi, akaitikia bila kuinua macho, kwa maana alikwisha kuuona uso wangu tangu njiani.

“Kuna barua imerudi,” nikasema.

Kisu kidogo kikasimama.

“Hukumwambia ukweli mwalimu yule,” nikaendelea, kisha nikasikia nilichosema, nikaanza upya. “Mimi sikumwambia ukweli. Wewe umemwambia. Nimekuja kukuuliza tu, kama hutaki kwenda, kwa nini hukuniambia mimi?”

“Sikusema sitaki kwenda,” binti akasema. “Nilisema sijui.”

Nilikuwa nimeisoma barua yake mara nyingi njiani, nikisimamisha baiskeli, na sikuwa nimeona tofauti hiyo.

“Na hilo la babu?” nikauliza. “Nani amekwambia hakufika pwani?”

Mama alicheka kwa pua. “Nimemwambia mimi. Baba mkwe wangu afike pwani? Aliishia Ugogo. Mguu ulivimba kama mtungi, wakamwacha na mzigo wa vyungu, akarudi anachechemea. Alikuwa akisema mwenyewe, watu wakicheka, naye anacheka. Hiyo pembe ya ndovu umeitoa wapi?”

Ukweli ni kwamba sijui nilipoitoa. Kila mtu katika vitabu alibeba pembe ya ndovu.

“Ningeulizwa bahari ikoje,” binti akasema, “ningesema nini?”

Nilimweleza hali yote, safari hii bila kupamba. Nafasi bado ipo. Akienda atawekwa na watoto wadogo wa miaka saba au minane hadi ajue lugha, na nitamwomba mwalimu mkuu asimsimamishe. Akibaki, kuna masista, au bibi. Alisikiliza kama watu wazima walivyokuwa wakinisikiliza nilipowasomea barua za ndugu zao.

“Nikae kwa masista mwaka mmoja,” akasema. “Nijifunze. Halafu nije.”

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na halikuwezekana. Tikiti za familia zilikuwa za safari moja. Mwaka mmoja haukuwepo: ilikuwa sasa, au baada ya miaka mitatu nitakaporudi. Nawajua wazazi ambao wangesema, vizuri, mwaka mmoja, kisha wakaacha mwaka uwe mitatu. Nakiri niliipima njia hiyo. Niliipima kwa muda wa kukata kiazi kizima. Ilikuwa njia ya upole, na ilifanana sana na kumwambia nakili tu, utaelewa ukifika.

Nikamwambia. Miaka mitatu.

Alikata viazi. Mama naye alikata, akasema huko kwa masista atarudi anapiga ishara ya msalaba kabla ya kula, lakini alisema bila nguvu, kama mtu anayemalizia tu zamu yake. Binti hakujibu siku ile. Alijibu kesho yake jioni, mjini, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha kazi. Alisema atabaki. Alisema mdogo wake aende, kwa kuwa yeye bado hajui aibu.

Mke wangu hakunilaumu kwa sauti. Alikwenda kuzungumza na masista peke yake, na aliporudi alianza kushona herufi za jina la binti kwenye nguo zake za bweni. Alishona kila jioni ya wiki zile zilizobaki, soksi hata vitambaa vya mkononi. Siku moja nilimwuliza kama ananichukia. Akasema, “Nipishe mwanga, mwalimu.”

Ilibaki barua ya tatu, ya kumjibu mwalimu mkuu. Tuliiandika pamoja mezani, mimi na binti. Yeye aliandika sentensi kwa Kiswahili, nami nikaifasiri chini yake, sentensi kwa sentensi. Aliandika kwamba anashukuru. Aliandika kwamba atabaki Tabora ajifunze. Aliandika kwamba mdogo wake anaogopa mbwa. Nilipofika hapo kalamu yangu ilisita, kwa kuwa nilikuwa nimeona mahali pazuri pa kuongeza neno.

“Usiongeze, baba,” akasema, akiuangalia mkono wangu.

Sikuongeza. Mwisho akavuta kidau, akachovya dole gumba.

“Andika jina,” nikamwambia. “Yule bwana alishangaa. Atadhani hujui kuandika.”

“Jina hata wewe unaweza kuliandika,” akasema, na akalikandamiza dole lake chini ya karatasi, akalizungusha kidogo kulia na kushoto, kama alivyowaona wazee wa mtaa wakifanya mbele yangu miaka yote.

Tuliondoka kwa treni ya pwani. Binti alikuja stesheni na sare ya masista ambayo bado ilikuwa ndefu, akasimama kati ya bibi yake na mtani. Mtani alimshika bega, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie kwamba kwa desturi ya utani huyu amemteka, na hakombolewi. Watu walicheka. Binti alicheka pia, kidogo. Mke wangu alikuwa ameshapanda behewani na alikuwa amegeukia upande wa pili. Treni ilipofika Ugogo niliwaonyesha mke wangu na mwanangu nchi ile kavu dirishani, nikasema ni hapa babu alipoishia. Mke wangu alisema, “Alikuwa na bahati, alirudi na alichokwenda nacho.” Hatukuzungumza tena hadi Dodoma.

Kwa miaka mitatu barua za binti zilikuja kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili. Mwaka wa pili zikaanza kuwa na sentensi za Kiingereza, zenye makosa, na sikuyasahihisha. Zote zilikuwa na jina lake, limeandikwa vizuri mno, na pembeni ya jina dole gumba. Sijawahi kumwuliza kama dole lile lilikuwa mzaha au onyo. Ana watoto wake sasa, na bado sijamwuliza.

Mwalimu mkuu hakuwa na kinyongo. Siku ya kwanza ya muhula, nilipompeleka mwanangu, aliniambia kwamba watoto walikuwa wameahidiwa habari za safari ile ya zamani, naye hakupenda kuwavunja moyo. Je, ningeweza kuwasimulia mimi? Ukumbi ulikuwa umejaa. Niliwasimulia juu ya mtu aliyebeba vyungu, akavimba mguu Ugogo, akarudi nyumbani akichechemea. Walipenda. Waliuliza vyungu vilivunjika vingapi. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele, umri kama wa binti yangu kwa mujibu wa cheti au kwa mujibu wa bibi, akainua mkono.

“Na yule msichana aliyeandika barua,” akauliza, “mbona hakuja?”

Nilikuwa na majibu mengi. Nimekuwa nayo kila siku tangu hapo, nimeyapanga na kuyapangua. Asubuhi ile hakuna hata moja lililotoka. Nilisimama pale mbele ya shule nzima, watoto wakinitazama, na nikangoja kengele.